Nafasi ya Hema Ipo, Boti Je?

Mtu wa Rungwe Mpya, huku Kasulu, akiamua kwenda kulala hifadhini, swali lake la kwanza huwa ni kama atapata nafasi ya kusimika hema. Hilo ni swali la Serengeti. Mkoani Kigoma ni nadra sana hema likose pa kusimama. Kinachokosekana ni boti ya kukufikisha, mwongozaji wa kukupandisha mlimani, na siku ambazo ziwa au mvua zitakuachia njia. Kwa hiyo safari ya huku hupangwa kuanzia mwisho: weka kwanza siku ya kurudi nyumbani, kisha rudi nyuma hatua moja moja, na hema utalikuta karibu na mwisho wa orodha.

Vitabu vingi vya safari vimeandikwa na watu wa nchi ambako shida ni kiwanja chenyewe. Marekani kila jimbo lina hifadhi zake, mbali na zile za taifa, na mwananchi hukata nafasi ya hema kwa mtandao. Minnesota hufungua milango siku 120 kabla ya tarehe ya kulala, California miezi sita. Kwa hifadhi ya taifa ya Yosemite, nafasi za kambi zake kubwa hutolewa kwa mafungu tarehe 15 ya mwezi, saa moja asubuhi kwa saa za kule, na zile za majira ya joto huisha ndani ya dakika chache. Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa hapa Kasulu, kisha akapewa makazi Marekani, akitaka kuwapeleka wanawe msituni itambidi aamke alfajiri na kukodolea simu macho kama anayewinda tiketi ya Simba na Yanga. Shangazi yake aliyebaki huku hana haja ya presha hiyo. Ana presha nyingine.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari Rungwe Mpya anayetaka kupeleka klabu yake Gombe. Nimemchagua mwalimu kwa makusudi, kwani katika wilaya za Kasulu na Kibondo watu wanaofika hifadhini kwa hiari yao, bila kuwa watumishi au watafiti, wengi ni wanafunzi. Klabu za mazingira za Malihai zipo mashuleni miaka mingi, na Roots & Shoots, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991, imetapakaa mkoa mzima. Anayebeba mzigo wa kupanga ni mwalimu mmoja, mara nyingi wa baiolojia au jiografia, mwenye simu moja na daftari la michango.

Gombe ilitengwa mwaka 1943 ikiwa pori la akiba, na mwaka 1968 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni ukanda mwembamba wa milima yenye sokwe, inayoporomoka hadi ziwani, na barabara haiendi huko. Kutoka Kasulu mpaka Kigoma mjini ni lami, kiasi cha kilomita 90 na kitu, na kipande hicho kisikusumbue akili. Safari yenyewe inaanzia Kibirizi, nje kidogo ya mji, ambako boti za abiria zinapakia kwenda kaskazini: Mwamgongo, na mbele zaidi Kagunga mpakani na Burundi. Ni maboti marefu ya mbao yenye injini ya nyuma, na abiria wake wengi hawana habari na sokwe. Wanarudi kijijini na unga, mafuta ya taa, mabati na magodoro. Kasekela, iliko ofisi ya hifadhi, boti hushusha kwa ombi tu.

“Kaka, Kasekela mnashusha?”

“Tunashusha, mama. Ila niambie sasa hivi, kabla sijapanga magunia. Begi likishakaa chini ya unga, utaliona Kagunga.”

Boti hizi huondoka mchana, hutembea kama saa tatu, na kukufikisha alasiri. Za kurudi hutoka vijijini alfajiri na kupita Kasekela asubuhi na mapema. Jumapili nyingi hazitoki. Sasa weka ratiba hiyo kando ya kanuni ya hifadhi, kwamba kiingilio kimoja ni cha saa 24, uone hesabu inavyogoma. Ukifika Alhamisi saa kumi alasiri, umechelewa kupanda mlimani, maana kuwatafuta sokwe ni kazi ya asubuhi. Ijumaa asubuhi unapanda, unawaona, unashuka mchana, na boti ya abiria imeshapita zamani. Utarudi na ya Jumamosi alfajiri. Umekaa karibu saa 38, yaani umelipa viingilio viwili na usiku mbili za kambi, kwa ajili ya saa moja ya kuwatazama sokwe. Ukikosea ukaenda Ijumaa, unaanza kuikaribia Jumapili, na usiku mbili zinaweza kuwa tatu.

Ndiyo maana kwa mtu mmoja boti ya abiria ni nafuu, lakini kwa kundi la wanafunzi inaweza kuwa ghali kuliko boti ya kukodi. Boti ya kukodi, iwe ya hifadhi au ya mtu wa Kibirizi, inaondoka asubuhi unayotaka na kukurudisha saa unayotaka. Gharama yake inatisha ukiitazama peke yake. Igawe kwa idadi ya vichwa, toa usiku mmoja wa kambi na kiingilio cha pili kwa kila mwanafunzi, na mara nyingi hofu inapungua. Mwalimu afanye hesabu hii kwa kalamu kabla hajatangaza mchango, kwani kurudi kwa wazazi mara ya pili kuomba nyongeza ni jambo ambalo Kasulu halisahauliki.

Baada ya boti ndipo inakuja barua. Iandike kwa Mkuu wa Hifadhi, iwe na muhuri wa shule, idadi ya wanafunzi na walimu, umri wa kila mmoja, na tarehe mbili: unayoitaka na mbadala. Umri si urembo wa karatasi. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, kwa hiyo uliza kikomo kilichopo kabla hujaandika majina ya kidato cha kwanza, usije ukamwacha mtoto analia ufukweni. Uliza pia makundi ya kupanda yana watu wangapi. Katika hifadhi ya Mahale, iliyo kusini, kundi moja halizidi wageni sita, na Gombe nako makundi ni madogo, kila moja na mwongozaji wake. Wanafunzi 30 hawapandi kwa mkupuo. Hapa ndipo penye msongamano wa kweli: uwanja wa mahema unaweza kuwa mtupu, lakini waongozaji wa asubuhi ile wakawa wameshachukuliwa na wageni waliotoka mbali. Barua yako inakata nafasi ya waongozaji kuliko inavyokata nafasi ya ardhi, na ukiisoma hivyo utaituma miezi miwili kabla badala ya wiki mbili.

Malipo siku hizi hayapokelewi kwa fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, unalipia kwa simu au kwa wakala wa benki, na risiti inakufuata kwenye simu. Namba hiyo ina tarehe yake ya kufa. Ukiiomba michango ikiwa nusu, itakufia mkononi na utaanza upya. Waulize pia kama kiasi ulichotajiwa tayari kina VAT, maana nyongeza hiyo kwa watu 30 ni chakula cha siku nzima. Halafu chapisha risiti. Mtandao milimani ni wa bahati, na picha ya risiti iliyoko kwenye simu iliyozima chaji haimsaidii mtu.

Vitambulisho vina uzito wa pekee kwa watu wa ukanda huu. Wageni wamegawanywa kwa uraia, na raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni wa Ulaya. Burundi imo kwenye jumuiya tangu 2007, Kongo tangu 2022, kwa hiyo binamu wa kutoka ng'ambo mwenye pasipoti yake halali analipa kama wewe. Asiye na karatasi yoyote ana shida kubwa zaidi ya kiingilio, na itaanzia kwenye kizuizi cha barabarani, kabla hajaliona ziwa. Wanafunzi wasio na namba ya NIDA wabebe vitambulisho vya shule, na barua ya mkuu wa shule iwataje kwa majina.

Sasa hema. Hema maarufu kuliko yote yaliyowahi kusimama mkoani Kigoma lilisimikwa Kasekela tarehe 14 Julai 1960, la mtafiti wa sokwe Jane Goodall, wakati huo binti wa miaka 26. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama ya mtu aliyebeba begi akaingia porini. Ukiifuatilia, ni habari ya vibali na kusubiri. Louis Leakey, mtafiti aliyemtuma kutoka Nairobi, alihangaika kwanza kutafuta fedha, akazipata kwa Mmarekani mmoja mwenye viwanda, Leighton Wilkie. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikakataa katakata msichana kukaa peke yake porini, ikabidi mama yake, Vanne, aje kuwa mwenzi wake. Wakiwa tayari kuondoka, zikaja habari za mzozo kati ya wavuvi wa ufukwe wa Gombe, na Leakey akawapeleka kwanza kisiwa cha Lolui, Ziwa Victoria, Jane akafanye mazoezi ya kutazama tumbili.

Walipofika Kigoma hatimaye, Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, machafuko yameanza, na Wabelgiji walikuwa wanavuka ziwa kwa mamia. Hoteli zimejaa. Mama na binti wakaruhusiwa kupiga hema kwenye viwanja vya gereza la Kigoma, na wakasaidia kutengeneza mikate ya nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi. Kigoma haijaanza jana kupokea watu. Ndipo bwana nyama wa eneo hilo, David Anstey, alipowavusha kwa boti ya serikali pamoja na mpishi wao Dominic. Fedha, ruhusa, mwenzi, boti, halafu hema. Orodha ya mwalimu wa Rungwe Mpya haijapishana sana na hiyo, ila yeye hana Leakey wa kumpigia simu.

Kuna jambo la pili katika kambi ile ambalo kila anayelala Gombe leo analilipia bila kujua. Sokwe wa kwanza kumzoea Goodall, dume mwenye ndevu za kijivu aliyempa jina la David Greybeard, alianza kuja kambini kula ngazi za mchikichi uliokuwa pale. Siku moja akaona ndizi mezani, akachukua. Ndizi zikaanza kuwekwa kwa makusudi ili sokwe waje karibu na waonekane vizuri. Walikuja kweli, wengi, na nyani nao wakaja, na ugomvi ukaongezeka kambini kuliko ilivyokuwa msituni. Ugawaji ulipunguzwa, mwishowe ukaachwa kabisa. Katikati ya miaka hiyo, 1966, polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Tangu hapo kila kanuni unayosomewa ufukweni ina historia: usile mbele ya sokwe, usimsogelee, vaa barakoa, na mwenye mafua asipande.

Mwalimu azichukue kanuni hizi kama sehemu ya kupanga nafasi, si hotuba ya kukaribishwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kikohozi asubuhi ya safari maana yake kundi la watu sita limekuwa la watano, na mwalimu mmoja abaki chini naye. Chakula kipangwe vivyo hivyo. Nyani wa Gombe wanaijua zipu ya hema, na wavu wa waya unaouona madirishani mwa nyumba za wageni haukuwekwa kwa ajili ya mbu. Ndizi, mikate na miwa viache Kigoma. Beba unga, maharage na dagaa kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, beba mkaa wako kwa vile kuokota kuni hairuhusiwi, na ndoo ikalale ndani ya jengo. Hemani pasibaki hata ganda la karanga.

Huko Serengeti mambo ni mengine, na nitayapita haraka kwa sababu yameandikwa sana. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lina kambi za namna mbili. Za umma zina choo, maji na banda la kupikia, na unalala pamoja na kila aliyefika. Kambi maalumu hupewa kundi moja peke yake, hazina chochote zaidi ya mti na kivuli chake, ni ghali zaidi, na ndizo zinazogombaniwa mapema na makampuni ya utalii kufuata nyumbu. Mtu wa Kigoma anayeota kambi maalumu ya Serengeti mwezi wa Agosti ajue kwamba anashindana na watu waliolipa mwaka mmoja nyuma.

Mahale iko kusini, hifadhi tangu 1985, na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wake tangu 1965. Ni nzuri kuliko Gombe, kwa maoni yangu, na msitu wake ni mkubwa mara nyingi zaidi. Kwa kundi la shule iko mbali mno kwa maji, tuiache kwa walimu wenye mfadhili. Katavi inafikika kwa gari kupitia Uvinza na Mpanda, na kiangazi viboko hubanana kwenye vidimbwi vya Ikuu hadi wanapandana migongo. Usiku viboko hao hutoka kula majani na njia yao inaweza kupita katikati ya mahema. Beba ndoo ya haja ndogo ndani ya hema wala usione aibu. Mchana utapambana na mbung'o, nao hawana msimu wa kutegemewa.

Lakini pori lililo upande wa watu wa Kasulu na Kibondo wenyewe si hifadhi ya taifa hata kidogo. Ni Moyowosi. Liliwekwa kuwa pori la akiba mwaka 1981, na bonde lake la maji, Malagarasi na Muyovozi, liliingia mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, eneo la kwanza la Tanzania kuingia humo, lenye ukubwa wa hekta zaidi ya milioni tatu. Humo wamo nzohe, swala wanaoishi majini hadi shingoni, na korongo nyangumi, ndege ambaye wageni huvuka bahari kumtafuta. Mtoto wa Rungwe Mpya anayemwona kwenye kitabu cha shule anadhani ni ndege wa Uganda.

Moyowosi huendi na hema lako ukalipa getini. Pori la akiba liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na kuingia bila kibali ni kosa la jinai kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Sehemu kubwa ya mapori ya aina hii imegawanywa vitalu vya uwindaji wa kitalii, na mwenye kitalu ana kambi yake, wageni wake na risasi zake. Ukitaka kuona watu wanaojua kupanga malazi ya pori bila mtandao wowote, waangalie warina asali wa Kibondo na Kasulu. Wao hupiga dago porini kwa siku nyingi, na mwenye akili hajipeleki tu. Anakuwa kwenye kikundi kilichosajiliwa, kina kibali chenye majina ya watu na siku za kuingia na kutoka, baiskeli zinahesabiwa, na silaha haziruhusiwi. Vyombo vya asali vinaandaliwa kulingana na siku zilizoandikwa, kwa sababu kibali kikiisha, asali iliyobaki mzingani imebaki. Mwalimu anayetaka kujifunza kupanga akakae na kiongozi wa kikundi cha namna hiyo jioni moja.

Je, wanafunzi wanaweza kupelekwa? Wanaweza kuombewa, na naona mwalimu aombe, kwani barua za shule zikiwa nyingi mezani njia hufunguka. Aombe ziara ya mchana yenye askari, bila kulala, pembeni mwa ardhioevu. Kisha aangalie kalenda. Msimu wa uwindaji unafunguliwa tarehe 1 Julai na kuendelea kwa miezi mingi, na hakuna mkuu wa pori atakayeingiza watoto mahali ambapo bunduki zinafanya kazi. Mvua za Kigoma zinaanza Oktoba au Novemba hadi kuelekea Mei, na maji yakishajaa bondeni njia zinazama. Katikati ya maji na bunduki zinabaki wiki chache za Juni. Juni hiyo hiyo ndiyo likizo, ndiyo mwanzo wa kiangazi ambapo njia za Gombe zimekauka, na ndipo mzazi wa Kasulu anapokuwa na maharage ya kuuza. Mwalimu anayetaka safari zote mbili katika mwaka mmoja aipe Moyowosi wiki hizo za Juni. Gombe ataipeleka likizo ya Desemba, na kwenye bajeti aongeze maturubai, viatu vya mpira, na usiku mmoja wa ziada iwapo ziwa litachafuka.